Sura ya Saba: Kadi Inayopotea Asubuhi

Consolata Chilumba alichomoa kadi, akairudisha. Taa ikawaka kijani. Akaichomoa tena, akasubiri kidogo, akairudisha. Kijani. Alibadilisha kadi, akabadilisha betri, akakigonga chombo kwa kifundo cha kidole. Taa haikubadilika. Nje ilikuwa adhuhuri ya Alhamisi, na Rutamba yote ilikuwa imeingia kivulini.

"Kwa hiyo ni kizima," alisema Erasmo aliyesimama mlangoni.

"Saa hii ni kizima," Consolata alijibu.

Chombo chenyewe hakikuzidi kipande cha sabuni ya mche. Kilitundikwa ukutani karibu na dirisha, katika chumba kimoja cha ofisi ya kikundi cha wafugaji wa kuku, na waya wake uliingia ndani ya friji ya sola iliyohifadhi chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaofyeka kuku. Kazi yake ilikuwa moja: kupima ubaridi wa friji usiku na mchana na kuuandika kwenye kadi ya kumbukumbu, ile ndogo ya kawaida inayoingia hata kwenye simu. Taa ya kijani ilimaanisha chombo kimeiona kadi. Nyekundu ilimaanisha tundu ni tupu.

Tangu kipupwe kianze, kumbukumbu za Rutamba zilikuwa na mapengo. Kila pengo lilianza asubuhi, likaisha siku ambayo mtu alikuja akachomoa kadi na kuirudisha. Msambazaji wa Lindi hakutaka maelezo. Chanjo ambayo haina ushahidi kwamba ilikaa kwenye baridi haiendi kwa kuku wa mtu, alisema, na shehena nzima ikachomwa shimoni nyuma ya ofisi. Friji ilibaki inanguruma bila kitu ndani.

Kampuni ya Dar es Salaam iliyounda chombo hicho ilimtuma Consolata, injinia wake wa uchunguzi, ajibu swali moja: kosa ni la chombo au la mtu?

Erasmo, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa na jibu tayari. Alikuwa mtu wa Newala aliyehamia Rutamba kulima, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na hoja zake alizipanga vizuri. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Siti Mnali, mtunza friji. Katika chumba hicho zilikutwa nyaya za kuchajia simu za watu. Kwa maoni yake, Siti alikuwa akizima friji apate umeme wa kuchajia, kisha akichomoa kadi ili isimshuhudie. Jumatatu alimnyang'anya ufunguo. Kesho, baada ya sala ya Ijumaa, mkutano ungemwondoa rasmi na jina lake lingepelekwa polisi.

"Na tangu nichukue ufunguo," alimalizia, "chombo hakijakosea hata mara moja."

"Umewahi kuitoa kadi?"

"Ya nini? Friji haina kitu."

Consolata alilitia jibu hilo akilini. Mlinzi ambaye hajaona mtu akiingia hawezi kusifiwa kwamba anawatambua wageni.

Alianza kuziba njia moja baada ya nyingine. Kwanza kadi. Masokoni kadi bandia ni nyingi, zimeandikwa ukubwa ambao hazina. Aliijaza ya Rutamba mpaka mwisho, akaisoma yote, haikupoteza kitu. Kisha nyaya za simu. Alizifuata kwa mkono mpaka juu ya paa na kukuta zinatoka kwenye paneli nyingine, ndogo, isiyohusiana na friji. Kwenye kumbukumbu zisizo na pengo, za siku ambazo Siti mwenyewe alikiri kuchajia simu, mstari wa ubaridi ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Alimweleza Erasmo mambo hayo mawili. Erasmo alisikiliza mpaka mwisho, akasema mapengo bado yapo.

Siti alikuwa kwake, nyuma ya ofisi, akipepeta ufuta. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Lindi mjini, kwenye familia ya wavuvi, na alikuwa ameolewa Rutamba. Consolata aliinama kidogo.

"Shikamoo, Bi Siti."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeletwa kunikamata?"

"Nimeletwa kukiangalia chombo."

"Basi kiangalie vizuri. Mimi nimeshaangaliwa vya kutosha."

Consolata aliketi kwenye ukingo wa mkeka. Hakuuliza habari za simu wala za umeme. Aliuliza chombo kinakataa lini.

Siti aliacha kupepeta. Alieleza kwamba kila asubuhi, jua likianza kutoka, alitoa kadi, akaitia kwenye simu, akatuma kumbukumbu Lindi, akairudisha. Wakati wa joto taa ilikuwa kijani sikuzote. Baridi ilipoingia, siku nyingine iliwaka nyekundu. Alipofundishwa kazi aliambiwa kadi irudishwe mara moja tu na isichezewe, na taa ikileta matata atoe taarifa. Alitoa taarifa, akaiacha kadi ilivyo mpaka mtu aje. Fundi alikuja kutoka Lindi, akafika mchana, akaichomoa kadi na kuirudisha, ikawaka kijani, akaondoka akimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Mara zote alifika mchana?"

"Gari la kwanza kutoka Lindi unalijua linavyokuja."

"Na siku ya joto, asubuhi, hakikuwahi kukataa?"

"Hakikuwahi. Mwulize na Erasmo, ndiye anayejua kila kitu."

Consolata alilala kijijini.

Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba. Consolata alikuwa amefunga kompyuta yake kwenye chombo kwa waya mwembamba, aone kila ishara inayopita ndani. Erasmo, aliyemfungulia mlango, alisimama pembeni amevaa koti. Siti alikuja amejitanda kanga mbili, mkononi ana chupa ndogo ya mafuta, kwa sababu baadaye alikuwa na miadi ya kumsuka mkwewe. Aliiweka chupa juu ya ukuta wa baraza, upande wa mashariki, akaingia.

Consolata alimwomba afanye kama kawaida yake, asiongeze wala kupunguza. Siti alichomoa kadi, akasubiri muda wa kutuma, akaisukuma ndani mpaka ikalia.

Nyekundu.

"Umeona?" alisema Erasmo.

"Nimeona, na wewe umeona. Kadi iko wapi?"

Erasmo aliinama akatazama. "Imo."

"Na chombo kinasema nini?"

"Kinasema haimo."

"Kwa hiyo anayesema uongo humu chumbani ni nani?"

Erasmo alisema labda Bi Siti ana namna yake ya kuiingiza. Consolata alichomoa kadi na kuiingiza mwenyewe. Nyekundu. Akamkabidhi Erasmo, naye akaisukuma kwa kidole gumba kwa uangalifu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano. Nyekundu. Siti alisimama pembeni, mikono ndani ya kanga.

Kosa lilikuwa limekamatwa, lakini sababu yake ilikuwa bado haijulikani. Consolata aliijua kampuni yake. Kosa lisilo na sababu lingeandikwa kuwa ni la mtumiaji, na mtumiaji alikuwa Siti.

Alikifungua chombo, akalitazama tundu kwa lenzi. Ndani ya tundu la kadi mna ulimi mdogo wa bati. Kadi ikiingia huusukuma, nao hugusa kituo chake, na chombo hupata ishara kwamba kuna kadi. Chini ya lenzi ulimi ulikuwa na kitu cheupe kilichouzunguka kama utando. Alikikwangua kwa njiti ya meno. Kilikuwa laini kama nta. Alikisugua katikati ya vidole, kikayeyuka na kuwa maji. Akanusa.

Alitoka nje, barazani. Jua lilikuwa limeanza kuigusa chupa ya Siti. Mafuta yaliyokuwemo yalikuwa meupe, yameganda kama samli, isipokuwa upande mmoja uliokabili jua, ambako yalianza kupitisha mwanga. Kila mwanamke wa mkoa huu anajua kwamba mafuta ya nazi yakikutana na kipupwe huganda usiku, na yakianikwa kidogo hurudi kuwa maji.

Erasmo alikuwa amemfuata. Aliitazama chupa, akaitazama njiti.

"Mafuta yako haya, Bi Siti."

"Ya kwangu ni hayo ya kwenye chupa. Humo ndani sikuweka."

"Chumba kilikuwa na ufunguo mmoja."

Siti aliketi kwenye ngazi ya baraza. Consolata alisema kwamba mafuta ya nazi yamo katika kila nyumba kutoka hapa mpaka Kilwa, na kwamba yeye hafungi jambo kabla hajajua chombo hiki kimepita mikononi mwa nani. Akauliza nani alikifunga ukutani.

Alikuwa Yunusu, fundi wa kikundi cha Kilwa Masoko, ambaye vikundi vilimwamini akafunga vyombo vyote vitatu: cha Kilwa, cha Rutamba na cha Nyangamara. Alikuwa amealikwa kwenye mkutano kama shahidi. Aliwasili kabla ya saa nne kwa bodaboda, ana kofia ya kiua na mfuko wa vifaa begani, akaanza utani hata kabla ya kuteremka.

"Erasmo, bado mnaishi kwenye barafu? Nimepita huko bondeni nikadhani nimekufa."

"Ungekufa tungekuzika na hicho kikofia chako."

Consolata aliwaacha wamalize, akamwamkia. Kisha akamwonyesha njiti, akamwuliza kama kitu hicho anakijua. Yunusu alikinusa, akatabasamu.

"Nazi. Mimi hiyo."

Siti aliinua kichwa.

"Nimepaka vyote vitatu," Yunusu aliendelea, bila kuona kosa lolote. Kilwa, alieleza, hewa ya chumvi inakula chuma mpaka cha ndani ya redio. Alipokuwa fundi wa mashine za boti walipaka mafuta ya nazi kila kitu chenye bawaba, kufuli, springi za betri, kwa ncha ya unyoya wa kuku ili tone lisizidi. Vyombo vilipofika vipya alivihurumia. "Tone moja tu, kwenye kile kibati. Nikasema vidumu."

Erasmo alikohoa. "Nyie wa pwani hata chai mtaipaka mafuta."

Yunusu alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Aliuliza kumetokea nini. Consolata alimweleza yote: nyekundu ya asubuhi, ulimi, mkutano wa mchana, jina la nani limo hatarini. Fundi alivua kofia akaishika mkononi.

"Bi Siti," alisema, "niwie radhi. Sikujua. Nikisimama mbele yao mchana nitasema hivihivi nilivyosema hapa."

Siti alimgeukia. "Sema tu, kaka yangu. Hilo linanitosha."

Consolata alimshukuru papo hapo, kwa maneno machache. Shahidi anayeweza kunyamaza na asinyamaze huokoa kazi ya wiki. Kisha akarudi kwenye maswali, kwa sababu mafuta peke yake hayakueleza kila kitu. Chombo cha Kilwa kilipakwa vilevile, na kumbukumbu zake hazikuwa na pengo.

"Cha Kilwa kimekaa wapi?"

"Juu ya friji, nyuma kule. Ukutani palikuwa na kalenda, mke wangu, ndiye mtunza friji wetu, akakataa isitolewe."

"Karibu na mota?"

"Juu yake kabisa. Ukigusa hapo asubuhi unahisi uvuguvugu."

Hiyo ikajibu Kilwa. Ilibaki Nyangamara, ambako chombo kilikuwa ukutani kama hapa lakini hakuna aliyewahi kulalamika. Consolata alimpigia mtunza friji wa huko, Valeria. Valeria alisema ndiyo, asubuhi za baridi huwa kinagoma. Yeye hukiacha kwanza, akanywa chai, akarudi kuchomoa na kuingiza mpaka kikubali. Alidhani ndivyo vilivyo. Hakumwambia mtu, kwani kina ubaya gani kitu kikisumbua kidogo halafu kikafanya kazi?

Consolata alikata simu. Mtunza aliyevunja maelekezo alikuwa na kumbukumbu safi. Aliyeyafuata ndiye aliyekuwa anangoja polisi.

Alifungua kompyuta pale barazani na kurudia kuzisoma ishara za alfajiri, safari hii akizilinganisha na kiendeshi, ile programu ndogo inayosimama kati ya chombo na kadi. Iliandikwa na Brighton, mwenzake wa ofisini, kijana hodari. Kiendeshi kilifanya hivi: ulimi unapogusa kituo, hupata ishara, huziba sikio kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho ili kisichanganywe na mtetemo wa bati, kisha hutazama mara moja. Ulimi umegusa? Kama ndiyo, kadi ipo. Kama hapana, huandika kwamba tundu ni tupu, huzima umeme wa tundu, ndipo huzibua sikio.

Mchana ulimi uligusa na kutulia mara moja. Asubuhi, ukiwa umeshikwa na mafuta yaliyoganda, uligusa, ukarudi nyuma, ukajikokota, ukagusa na kutulia kwa kuchelewa. Kiendeshi kilitazama wakati umerudi nyuma. Ulipotulia mahali pake, sikio lilikuwa bado limezibwa. Lilipozibuliwa palikuwa kimya, na kwa kuwa hakuna ishara mpya, kiliendelea kuamini kwamba tundu ni tupu, kutwa nzima, kadi ikiwa tumboni mwake.

Alimpigia Brighton.

"Sista, hapa ofisini iko freshi kabisa," alisema Brighton. "Nimejaribu hata jana."

"Umewahi kuijaribu ulimi ukiwa mzito?"

"Mzito kwa nini?"

"Kwa sababu yoyote. Kutu, vumbi, mafuta. Kiendeshi chako kinauliza swali mara moja, kikijibiwa vibaya hakiulizi tena."

Brighton akasema mafuta ni kosa la aliyepaka. Consolata alikubali kwamba mafuta yasingepaswa kuwemo, akaongeza kwamba miaka miwili ijayo kutu ingefanya kazi ileile pwani nzima. Ilichukua muda kidogo, lakini Brighton alipoonyeshwa ishara zenyewe hakubishana nazo. Walirekebisha pamoja kwa simu. Kiendeshi sasa kingetazama ulimi tena na tena mpaka majibu yafanane mfululizo, na kikishazibua sikio, kingetazama mara nyingine moja kabla ya kuamini kimya.

Yunusu alikuwa tayari ametoa pamba na spiriti asafishe tundu.

"Usiguse," Consolata alimwambia. "Nayahitaji mafuta yako."

Mkutano ulikaa barazani baada ya sala. Jua lilikuwa kali, na ulimi ulikuwa mwepesi. Kama angeonyesha hapo, taa ingewaka kijani na wote wangerudi nyumbani na imani zao. Kwa hiyo alikifunga chombo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu, akakiweka kwenye friji tupu ya chanjo, akawaomba watu wasubiri. Wakati huo Yunusu alisimama, kofia mkononi, akasema alichofanya na kwa nini. Hakujitetea.

Chombo kilipotoka kikiwa baridi, Consolata alimpa mwenyekiti kadi, mbele ya wote, kwa kiendeshi cha zamani. Erasmo aliisukuma ndani. Nyekundu. Watu waliinuka kutazama. Chombo kikarudi kwenye friji, kikapewa kiendeshi kipya, kikatolewa kikiwa baridi vilevile, na Erasmo akaisukuma kadi tena kwa kidole kilekile. Taa ilisita, kwa muda uliomtosha mtu mmoja nyuma kuguna, kisha ikawaka kijani.

Erasmo alibaki ameinama mbele ya taa ile. Aliponyooka alitoa ufunguo mfukoni. Aliwaambia wanachama kwamba yeye ndiye aliyetaka jina la Siti lipelekwe polisi, na yeye ndiye anayelifuta, leo hii. Alimpa Siti ufunguo kwa mikono miwili. Consolata aliongeza kwamba ripoti yake itasema kosa ni la kiendeshi, na kwamba atapendekeza kampuni ilipe shehena iliyochomwa. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Angeweza kuondoka jioni ile. Alibaki, kwa sababu baridi ya friji si baridi ya asubuhi.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kuliko jana. Chupa ya Siti juu ya ukuta ilikuwa nyeupe mpaka shingoni. Mafuta ya Yunusu yalikuwa bado kwenye ulimi, kwa amri. Siti alifungua mlango kwa ufunguo wake, akachomoa kadi, akatuma kumbukumbu Lindi, akairudisha mara moja, kama alivyofundishwa, akaondoa mkono.

Kijani.

"Alhamdulillahi," alisema kwa sauti ya chini. Alifuta chombo kwa ncha ya kanga, ingawa hakikuwa na vumbi.

Yunusu aliingia na pamba yake na spiriti, akaruhusiwa hatimaye kusafisha. Consolata alikunja nyaya. Alipotoka nje barazani alikuta Siti ameshatandika mkeka na kuitoa chupa kivulini, ameigeuza upande wa jua.

"Basi lako saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

"Saa nne mbali. Kaa hapa. Hizo nywele zako zimekauka kama makumbi ya nazi, utaingia nazo Dar watu waseme Rutamba hakuna wenyewe."

Consolata aliketi, mgongo kwake. Siti alifumua mafundo kwa kitana, taratibu, akitenganisha nywele kwa kidole.

"Wote walinijia wakaniuliza kwa nini," alisema. "Kwa nini Siti, kwa nini umefanya. Wewe ulikuja ukaniuliza lini."

"Ndilo swali lililokuwa na jibu."

"Hata hivyo. Ahsante, mwanangu."

Aliinyanyua chupa akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa imeshakuwa maji. Alimimina kidogo kiganjani, akaanza kusuka.